Johnny Clegg na diski yenye ilitaja majina ya wafu

Kuko wimbo moja wenye watu mingi wa kambi zetu wanajua kuufwata na mudomo bila kujua maneno yake. Unaanza pole pole, na sauti mingi kwa pamoja, sawa watu wenye kuimba ku kilio. Kisha muzungu moja anaingia na Kiingereza, na wale wengine wanamujibu. Asimbonanga. Redio inaupiga kila mara wakati wanakumbuka Mandela, na sisi tunatikisa kichwa, tunasema: aa, wimbo wa zamani, wimbo muzuri. Lakini ukiuliza vijana wa zamu ya usiku ile neno maana yake nini, na yule muzungu njo nani, na majina yenye anaita katikati ya wimbo ni ya nani, wananyamaza. Kijana moja alitujibu kama ni majina ya wachezaji wa mupira.

Juu ya ile tumeona ni muzuri kuandika leo habari ya diski yenye wimbo huu umo. Diski inaitwa Third World Child, maana yake Mutoto wa Dunia ya Tatu. Ilitoka mu 1987. Mwenye kuiimba ni Johnny Clegg, wa Afrika ya Kusini, na kikundi chake Savuka. Ni muziki wa rock, na gitare ya umeme na piano ya umeme, na tunajua kuko wandugu wenye watasema: rock ni mambo ya wazungu, inatuhusu nini sisi watu wa shaba na kobalti? Inatuhusu. Ile muziki ilizaliwa mu nyumba za watumikaji wenye kulala mbali na bibi zao, na moja kati ya ile majina ni jina la mutu wa sendika.

Mutoto wa kizungu mu hosteli ya watumikaji

Johnny Clegg alizaliwa ku Uingereza, mu muji wa Bacup, mu 1953. Baba alikuwa Mwingereza, mama alitoka Rhodesia ya Kusini, ile tunaita leo Zimbabwe, na alikuwa anaimba jazz. Ndoa ilivunjika wakati mutoto alikuwa mudogo sana. Mama akarudi naye Rhodesia, kisha wakakaa muda mu Zambia, hapa jirani yetu, kisha wakafika Johannesburg. Mutoto mwenye kubadilisha inchi vile anabakia bila kwao, na mwenye hana kwao anasikilizana haraka na mwenzake mwenye kuko mbali na kwao. Hii ni mawazo yetu sisi, lakini tuko watoto wa kambi, tunajua namna watoto wageni wanatafutana.

Wakati alikuwa na miaka 14 hivi alikutana na Charlie Mzila, Muzulu mwenye alikuwa anasafisha nyumba za gorofa za wazungu. Jioni, kisha kazi, Mzila alikuwa anapiga gitare mu njia. Mutoto akamuomba amufundishe. Mzila akamufundisha gitare, akamufundisha na Kizulu, akamupeleka ku hosteli kwenye watumikaji walikuwa wanacheza ngoma siku ya yenga. Alikuwa na miaka 15 wakati polisi ilimukamata kwa mara ya kwanza juu ya kumukuta mu hosteli ya weusi bila ruhusa. Sheria ya ile inchi ilisema muzungu ana pahali pake na mutu mweusi ana pahali pake, na kupita mupaka ilikuwa kosa.

Tusimame kidogo ku ile hosteli, juu ya watoto wetu hawaijui. Mutu alitoka mu muji wake mu Zululand, ao Transkei, ao Lesotho, ao Msumbiji, ao Malawi. Alitia sahihi ku kontra ya mwaka ao karibu mwaka. Bibi na watoto walibakia nyuma, sheria haikuwaruhusu kumufwata. Ku migodi ya zahabu hosteli ilikuwa ndani ya ukuta wa kompanyi: vitanda vya simenti moja juu ya ingine, watu wengi mu chumba kimoja, kila kabila upande wake. Hosteli za muji, kwenye Clegg alikuwa anaingia, zilikuwa za watu wa kazi zote: wenye kufagia, walinzi wa usiku, watu wa viwanda. Lakini desturi ilikuwa ile moja. Paka wanaume.

Wazee wetu wanajua tofauti na Katanga. Union Minière ilianza pia na wanaume peke yao, na wengi walikufa, wengine walikimbia. Kisha mu miaka ya 1920 ikageuza hesabu: ikamuacha mutumikaji alete bibi yake na watoto, ikajenga kambi, ikatoa mposho, ikafungua masomo na hospitali. Haikuwa mapendo. Mutu mwenye jamaa hakimbii, na mutoto wake anakuwa mutumikaji wa kesho. Kweli, kambi ilikuwa na kapita na ilikuwa na filimbi, na mutoto wa kambi alijua matrikule ya baba mbele ya kujua kuandika. Hata hivi baba alirudi nyumbani jioni. Mu Afrika ya Kusini baba alirudi mara moja ku mwaka. Ukisikia ile sauti za Asimbonanga, wanaume wenye kuimba kwa pamoja bila ala mingi, ujue ni namna ya kuimba ya watu wenye hawakuwa na bibi wala mutoto wa kuwasikiliza. Walijisikiliza wao kwa wao.

Siku ya yenga ku hosteli ilikuwa siku ya ngoma. Wanaume wanasimama musitari, mutu anainua muguu juu karibu ya kichwa, kisha anaupiga chini na vumbi inaruka. Kompanyi zilipenda ile ngoma. Zilijenga viwanja na wageni wazungu walikuja kukaa na kutazama. Muzungu moja mwenye kukusanya muziki, Hugh Tracey, alitoa kitabu juu ya ngoma za migodi ya zahabu mu 1952. Na tuseme wazi juu ya wenye hawajui: ni huyu huyu Hugh Tracey, mu mwaka huu huu wa 1952, mwenye alifika hapa kwetu Jadotville, ile Likasi ya leo, akamukuta Jean Bosco Mwenda na gitare, akashika sauti yake mu mashine. Gitare ya Bosco, na kidole gumba chini na kidole cha kwanza juu, na gitare ya Wazulu yenye wanaita maskandi, ni watoto wa mababa mbalimbali, hatusemi ni ndugu wa tumbo moja. Lakini zote mbili zinatoka ku mutu wa kazi mwenye alikamata kitu ya muzungu ya bei ya chini, akaifundisha kusema luga yake. Maskandi ni muziki wa kutembea. Mutu anapiga akitembea, juu ya barabara ya kurudi kwao ni ndefu.

Jasho, kisha kulamuka

Akiwa kijana Clegg akakutana na Sipho Mchunu, Muzulu mwenye alikuja Johannesburg kutafuta kazi, akapata ya kuchunga mashamba ya maua ya wazungu. Mchunu alikuwa fundi wa gitare kumupita. Wakapiga wawili miaka, mu nyumba za watu, mu makanisa, mu majumba ya chuo kikuu, juu ya pahali pa wazi polisi ilikuwa inafunga. Kisha wakatengeneza kikundi, Juluka, maana yake jasho. Diski yao ya kwanza, Universal Men, ya 1979, inaeleza mutu mwenye kutoka ku muji kwenda kazi na kurudi na kwenda tena. Clegg mwenyewe alikuwa anafundisha ku chuo kikuu cha Witwatersrand, somo la desturi za watu. Mu 1985 Mchunu akachoka na muji, akarudi kwao kuchunga ngombe zake. Sisi hatumulaumu. Wangapi kati yetu wanasema kila siku watarudi ku shamba na hawarudi?

Clegg akaanza upya mu 1986 na Savuka. Ile neno, kwa Kiswahili chetu, ni sawa kusema tumelamuka. Walikuwa sita: Clegg, Dudu Zulu mwenye kucheza na kupiga ngoma, Derek de Beer ku batri, Steve Mavuso ku piano, Keith Hutchinson ku saksofoni, Solly Letwaba ku gitare ya bas. Weusi tatu, wazungu tatu. Mu ile inchi na ile mwaka, kusimama sita vile mbele ya watu ilikuwa yenyewe habari.

Ile mwaka njo ilikuwa namna gani? Serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari mu inchi yote mu mwezi wa sita 1986. Polisi ilikamata mutu bila tribinali. Magazeti yalikatazwa kuandika mambo mingi. Ku migodi, siku ya 16 mwezi wa kenda 1986, ku mugodi wa zahabu wa Kinross, moto wa mashine ya kusudira ulishika povu la plastiki lenye walipaka ku kuta chini ya udongo. Ile povu ikatoa moshi wa sumu. Watu 177 wakakufa. Mutu wa mine mwenye kusoma hapa hana lazima tumuelezee: moto haukuwafikia wengi wao, ni moshi. Sendika yao, NUM, yenye ilianzishwa mu 1982 tu, ilikuwa inasema mbele ya ile siku kama usalama wa chini hauuzwi.

Majina

Sasa tuingie mu wimbo wenyewe. Asimbonanga ni neno moja la Kizulu, lakini ndani yake muko watu wawili na kazi moja. Bona ni kuona; Waluba na Wabemba kati yetu wanasema kumona, wataisikia haraka. Si ni sisi. M ni yeye. Hatukumuona, hatuyamuona. Nani? Nelson Mandela, mwenye alikuwa mu buloko toka 1962. Picha yake ilikatazwa, maneno yake yalikatazwa. Mutoto mwenye alizaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 25 na hakujua sura ya mukubwa wake. Ile njo uchungu wenye Clegg alikamata: hakusema mufungue Mandela na ngumi juu, alisema kitu ya kweli yenye kila mutu aliijua, kama hatujamuona. Mu ile inchi, kuita jina lake mu wimbo ilikuwa tayari kuvunja ukuta. Redio ya serikali ilikataa kuupiga.

Kisha anaita majina. Steve Biko, mwenye kufundisha weusi wasijidharau, mwenye alikufa mu mikono ya polisi siku ya 12 mwezi wa kenda 1977, na miaka 30. Victoria Mxenge, mama mwenye alianza na kazi ya kuchunga wagonjwa, kisha akasoma sheria, akakuwa avoka sawa bwana yake Griffiths. Wauaji walimuua bwana mu 1981, na yeye wakamuulia mbele ya nyumba yake ku Umlazi, karibu ya Durban, mu mwezi wa munane 1985. Na Neil Aggett.

Ku jina hili tunapashwa kukaa.

Neil Aggett alikuwa muzungu. Alizaliwa ku Nanyuki, mu Kenya, mu 1953, mwaka ule ule wa Clegg, na jamaa yake ikahamia Afrika ya Kusini wakati alikuwa mutoto. Alisomea umunganga. Akatumika ku hospitali ya Baragwanath mu Soweto, pahali pa watu wenye kufika na damu usiku. Alikuwa anafanya zamu chache juu ya kupata cha kula, na siku zenye kubakia alitumika bure mu sendika ya watu wa viwanda vya chakula, kupanga mikutano, kufwata malalamiko ya watumikaji moja moja. Kazi yetu, kwa neno moja. Kazi yenye haina jina kubwa: kuandika, kutafuta mutu mwenye ataogopa kidogo kuliko wengine, kungoja ku mulango wa kiwanda saa ya kutoka.

Polisi ilimukamata mu mwezi wa kumi na moja 1981. Kisha siku 70, siku ya 5 mwezi wa pili 1982, walimukuta amenyongwa mu chumba chake ku John Vorster Square, nyumba ya polisi ya Johannesburg. Alikuwa na miaka 28. Polisi ilisema alijinyonga mwenyewe. Tribinali ya mwaka ule ilisema hakuna mutu wa kulaumiwa. Watumikaji hawakungoja tribinali: makumi ya maelfu walisimamisha mashine nusu saa mu inchi nzima juu ya yeye. Nusu saa. Wenye hawajaongoza greve wanaweza kucheka ile nusu saa. Wenye waliongoza wanajua bei yake.

Clegg angeweza kuchagua majina ya wakubwa wa vyama peke yao. Alitia jina la munganga wa sendika pamoja na la Biko, mu wimbo moja na la Mandela, na wimbo ukapita mipaka. Ufaransa ikaupenda kuliko inchi ingine. Mu 1988 vijana wa kule waliimba ile majina bila kujua viwanda wala hosteli. Walimuita Zoulou blanc, na mwimbaji wao Renaud akamuandikia wimbo. Ni kupitia Ufaransa njo diski ilifika mingi ku watu wa luga ya Kifaransa, na sisi ndani yao.

Sasa tujiulize kwetu. Mu mwezi wa kumi na mbili 1941 watumikaji wa Union Minière walisimamisha kazi juu ya mushahara wakati vita vilipandisha bei ya vitu vyote. Ku Elisabethville walikusanyika mu kiwanja cha mupira. Musemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Askari wakapiga risasi, Mpoyi akafa pale na wengine mingi. Uliza mutoto wako jina la Mpoyi. Uliza mwalimu wake. Sisi tumeimba mingi mu hii muji, tuna orkestra, tuna kwaya, tuna wapiga gitare wenye dunia inawajua, na wimbo wenye kuita jina la Mpoyi hatujausikia bado. Na wale wenye walikufa juzi, mu mashimo ya kuchimba na mikono ao mu mine ya kompanyi, tunawaandika ku karatasi ya sendika na matrikule, saa na pahali, kisha karatasi inaingia mu kabati.

Mutoto wa Dunia ya Tatu

Wimbo wenye kupatia diski jina unaeleza mutoto mwenye kuambiwa ajifunze kusema na kuota mu luga ya watu wengine kama anataka kuendelea, na mutoto anajibu na namna yake, nusu kukubali, nusu kucheka. Kwa sisi ni wimbo wa pili wa maana mu hii diski, hata redio haiupigi. Juu ya kila delegasio ya sendika anaujua. Kuko kompanyi moja, hatutaitaja, kwenye tuliombwa siku moja tutie sahihi ku masharti ya kazi ya kurasa kumi na tano, kwa Kifaransa cha watu wa sheria, na nyuma yake Kichina. Kwa Kiswahili, hakuna hata musitari. Watumikaji walikuwa na siku mbili. Tulikaa usiku, tukageuza kila fungu mu Kiswahili cha kazi, na fungu la saba ilikuwa yenye kutosha malipo ya hatari kwa watu wa vumbi. Mwenye kuandika ile karatasi alijua luga ingine inafunika nini. Ule wimbo wa Clegg unasema ile, na melodi ya kucheza juu yake.

Nyimbo zenye kubakia tutazipita haraka. Scatterlings of Africa ni wimbo wa Juluka wa 1982 wenye alirudia hapa na nguvu ingine, juu ya watu wote wenye kutoka Afrika na kutawanyika dunia. Ni huu wenye filme ya Kimarekani Rain Man ilitia mu 1988. Great Heart alitengeneza juu ya filme ya imbwa, na inasikika. Kuko na pahali piano za umeme na batri zinafunika gitare, ile sauti ya miaka ya 80 yenye kila inchi ilinunua ku duka moja. Mwenye kutaka gitare ya maskandi safi atafute diski za Juluka. Lakini wakati Dudu Zulu anaingia na ngoma na ile sauti ya wanaume inajibu, vyombo vyote vya umeme vinakuwa watumishi tena, sawa inavyopashwa kuwa.

Mwezi wa munane

Hatusemi diski ilileta greve. Diski haileti greve, njaa na dharau njo zinaileta. Lakini ilikuwa mwaka moja. Siku ya 9 mwezi wa munane 1987 NUM, na Cyril Ramaphosa karani mukubwa wake na James Motlatsi rais wake, ikaita greve ku migodi ya zahabu na ya makaa. Sendika ilihesabu watumikaji karibu 340,000. Waliomba asilimia 30 ku mushahara. Wakashika wiki tatu. Kompanyi zikafukuza watu karibu 50,000. Walirudi kazini bila ile asilimia, na nyongeza ku malipo ya konje na ku malipo ya jamaa ya mwenye kufa kazini. Wengine waliita kushindwa. Sisi tunasoma ile fungu ya mwisho, ile ya wajane, na tunafikiri ingine.

Hapa kwetu mu 1987, mu Zaire, sendika ilikuwa moja, UNTZA, na ilikuwa mufuko wa MPR. Tusiseme zaidi.

Kuko jambo moja lenye watu wa sendika wanabishana mpaka leo juu ya Clegg, na tusilifiche. Umoja wa Mataifa na watu wa uhuru waliomba wasanii wote wa dunia wasiende kupiga muziki mu Afrika ya Kusini. Clegg alikaa mule na alipiga mule, ni inchi yake. Sendika ya wanamuziki ya Uingereza ikamufungia mulango juu ya ile, na siku ya konseri kubwa ya miaka 70 ya Mandela ku Wembley, mwezi wa sita 1988, mwenye kuimba Asimbonanga hakuwa pale. Sisi wenye kuishi na nidamu ya greve tunajua: musitari wa greve unavunjika na mutu moja mwenye sababu muzuri. Kila mutu ana sababu muzuri. Kwa hiyo hatucheki wale wandugu wa Uingereza. Lakini greve inafungia patroni, haifungii mutumikaji mwenye kulala ndani ya kiwanda. Dudu Zulu na Solly Letwaba wangehamia wapi? Tukipiga kura leo, sisi tungepiga kura ya kumuacha aingie, na tungetaka iandikwe mu prosè-verbali kama kulikuwa mabishano.

Mandela alitoka buloko siku ya 11 mwezi wa pili 1990. Dudu Zulu hakuona uchaguzi wa 1994: walimuua mu 1992, wakati wa mapigano ya Natal. Clegg akamuimbia wimbo wake pia. Mu 1999, ku Frankfurt, mu Ujerumani, Clegg alikuwa anaimba Asimbonanga mbele ya watu, na akasikia watu wanapiga kelele kubwa kuliko vile wimbo unaomba. Akageuka. Mandela alikuwa nyuma yake, anacheza pole pole ile ngoma yake ya mikono. Hatuyamuona, na yeye yuko pale. Ile filme iko, wenye simu watafute.

Johnny Clegg alikufa Johannesburg siku ya 16 mwezi wa saba 2019, na kansere, na miaka 66. Juu ya Neil Aggett, jamaa yake na marafiki wa sendika hawakuacha kuomba karatasi zifunguliwe tena. Zilifunguliwa. Wazee wenye walikuwa mu vyumba vya jirani mu 1982 walikuja kueleza mbele ya jaji yenye walisikia na yenye waliona. Mu mwezi wa tatu 2022, kisha miaka 40, jaji alisema hakujinyonga: polisi njo ilimuua.